Basi Dogo la Kwenda Lamu

Sehemu ya Saba: Kabla ya Daraja

Funguo zilikuwa bado na joto la mkono wa dereva. Mwalimu Caroline alizitazama kiganjani mwake kama mtu aliyepewa kitu ambacho hakukiomba.

"Rudia ulichosema," akamwambia.

"Nimesema mimi sitaki kuwaua," dereva akajibu. "Washushe kina mama, mwalimu. Polepole, mmoja mmoja. Kisha msipande tena."

Hapo ndipo nafasi ya juma lililopita ilipotuishia, msomaji wangu, na najua wapo waliolala vibaya. Wewe unayetukuta leo, karibu, hujachelewa. Caroline Mramba hufundisha gumbaru pale Msambweni, darasa la kina mama ambao utotoni hakuna aliyewapeleka shule. Kitabuni walisoma habari za Lamu, mji wa kale, vichochoro vyake na milango yake ya kuchongwa, wakasema hawatakufa kabla ya kuiona. Caroline akaenda Ukunda kwa Muthoka, mwenye magari ya kukodisha, akachagua basi dogo jeupe lililokuwa liking'aa. Muthoka alilipiga kofi ubavuni, akasema gari hilo Lamu linaijua lenyewe.

Asubuhi ya safari likawafuata Msambweni, likiendeshwa na mtu mpole aliyejiita Garama. Wakapita Diani, wakapita Tiwi, wakapita Ng'ombeni, nyimbo hazikukatika. Wakakunja kuingia barabara mpya ya Dongo Kundu. Na pale daraja la Mteza lilipojitokeza mbele, refu, limeinuka juu ya maji na mikoko, Garama akapunguza gia, akaliegesha gari kando, akashuka bila neno, akamwekea mwalimu funguo mkononi.

Sasa tuendelee.

"Ni breki?" Caroline aliuliza kwa sauti ya chini ili ndani wasisikie.

"Breki hazina neno. Ubovu uko kwangu."

"Una nini wewe? Unaumwa?"

Macho ya dereva yalikuwa kwenye kiti cha mbele, ubavuni mwa usukani. Pale alikuwa ameketi bibi Kaindi, mkongwe kuliko wote darasani, Mkamba aliyehamia mashamba ya Msambweni tangu ujana wake. Alipewa kiti kile kwa sababu ya mguu wake mbovu.

"Mwanangu," Kaindi akaita kupitia dirishani, "mbona tumesimama? Kibao kile cha mbele nimekisoma. Kinasema punguza mwendo. Nimepata?"

"Umepata, mama," dereva akasema.

Caroline hakungoja zaidi. Akafungua mlango wa nyuma. "Haya kina mama, tushuke kidogo tunyooshe miguu. Gari lina hitilafu ndogo."

Walishuka wakilalamika, wengine wakicheka. Wakatandika leso kwenye majani ya kando ya barabara na kufungua vyombo vya vitumbua. Kaindi alishushwa wa mwisho, akapewa fimbo yake.

Caroline akamshika dereva mkono, akampeleka nyuma ya gari.

"Sema sasa. Nina mama za watu hapa."

"Mimi si Garama," dereva akasema. "Hilo ni jina nililoombea kazi. Mimi naitwa Tembo. Chirau alikuwa mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja."

Caroline aliuachia mkono wake.

Hapa Kwale jina la Chirau halihitaji maelezo. Ndiye dereva aliyekuwa akiwarudisha watu kutoka harusini Kwale mjini, akateremka nao mteremko wa kwenda Kombani bila gari kupunguza mwendo, hadi likatoka barabarani na kupinduka bondeni. Waliopona ni wachache. Chirau alikufa akiwa amekumbatia usukani, na kabla hajazikwa watu wote walikwisha kujua kwamba alikuwa amelewa.

Kitu kikaanguka nyuma yao, kikapasuka.

Wakageuka. Mwanatumu alikuwa amesimama pale, muuza samaki wa Msambweni, mwanamke wa Kidigo asiyejua kupaza sauti. Alikuwa amekuja kuuliza kama gari litachelewa. Chupa ya chai ilikuwa imemponyoka, na chai ilikuwa ikichuruzika kwenye lami hadi miguuni mwake.

"Umesema wewe ni nduguye nani?" akauliza.

Tembo aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Sikukuuliza salamu. Nduguye nani?"

"Chirau."

Mwanatumu alimtazama usoni kwa muda, pua, macho, paji, kama anayetafuta mtu mwingine mle ndani.

"Twaiba wangu alikuwa mle garini," akasema. "Alikwenda kumtia rafiki yake hina. Nikaletewa kiatu kimoja na kitambaa cha kichwa. Nduguyo aliniulia mtoto kwa pombe."

"Mama, Chirau hakuonja pombe maisha yake. Nani aliyekuambia alikuwa amelewa?"

"Mwenye gari mwenyewe. Muthoka. Alikuja matangani kwangu, akaketi jamvini na wanaume, akalia. Akasema kijana yule amemharibia jina."

"Asubuhi ya siku ile Chirau alinipigia simu," Tembo akasema. "Akanambia, kaka, breki za gari hili hazishiki, nimemwambia Muthoka na Muthoka amenambia watu wa harusi hawangoji. Hilo hakukuambia pale jamvini?"

Mwanatumu aliisogeza chupa iliyopasuka kwa mguu.

"Nililisema mimi baada ya msiba," Tembo akaendelea. "Nililisema kwa kila aliyenisikiliza. Wakanambia, wewe ni ndugu wa mlevi, utasema nini tena? Mama yetu alikufa akiwa hatoki nje kwa haya. Ndipo nikaenda Ukunda kwa jina la watu, nikaomba kazi kwa Muthoka. Nilitaka siku moja aropoke mwenyewe. Lakini Muthoka si mtu wa kuropoka mbele ya dereva wake."

"Na leo?" Caroline akauliza. "Leo ulitaka kufanya nini?"

Tembo alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Leo tulipopita Ukunda, bibi Kaindi alininyooshea kidole ofisi. Akanambia, hapo ndipo kwa mwanangu Muthoka. Akanambia amemkataza safari kwa ajili ya mguu, naye amemtoroka. Akacheka."

"Kaindi ni mama yake Muthoka?" Mwanatumu akauliza polepole. "Siku zote huniambia mwanawe ana duka la vipuri."

"Ni mama yake. Tangu hapo sikuona tena barabara, mama. Niliona daraja. Nikasema moyoni, na yeye azike, ajue inavyokuwa."

"Na sisi wengine," Caroline akasema, "tulikukosea nini?"

"Hamkunikosea."

"Basi tulikuwa nini kwako? Mizigo?"

"Mwalimu, usiniulize swali ambalo nimejiuliza tangu Tiwi." Akakitazama kibao cha mbele. "Bibi alikuwa akisoma vibao vyote. Ng'o, mbe, ni. Akimaliza ananigeukia, nimepata? Namjibu umepata, mama, huku nakanyaga mafuta. Kibao cha mwisho kabla hatujasimama, alipokisoma na kuniuliza, nilifungua kinywa nimjibu, nikaona siwezi. Siwezi kumjibu kisha nimwangushe majini."

Upepo wa mikoko ulikuwa ukipeperusha leso za kina mama. Mmoja wao aliita kuuliza kama mwalimu anataka kitumbua. Caroline alimpungia mkono kwamba hataki.

Mwanatumu alikuwa akilitazama gari.

"Lile la harusi lilikuwa la buluu," akasema. "Nililiona lilipovutwa. Bodi yote ilikuwa imekunjamana kama bati la kibanda."

Tembo alichukua funguo mkononi mwa Caroline. Akachutama karibu na mlango wa nyuma, chini kabisa, pale rangi inapokutana na chuma cha ngazi. Akakwaruza kwa ncha ya ufunguo. Weupe ukatoka kama maganda.

Chini yake palikuwa na buluu.

Mwanatumu alipainamia, akapagusa kwa kidole. Kisha akakaa chini palepale kwenye changarawe, buibui lake likiwa limelowa chai.

"Nimeimba humu ndani tangu Msambweni," akasema. "Nimepiga makofi."

Caroline alichutama kando yake, akamshika bega. Ni yeye aliyelichagua gari hili. Ni yeye aliyewaambia kina mama kwamba amepata gari zuri, jeupe, lenye viti vipya.

"Mwalimu," Tembo akasema, "mpigie Muthoka. Mwambie breki zimekataa. Weka simu kwa sauti."

"Umesema breki hazina neno. Unataka niseme uongo?"

"Kwangu hakuropoka. Kwa mteja ataropoka. Mpigie tu."

Caroline akamtazama Mwanatumu. Mwanatumu akatikisa kichwa kukubali.

Simu haikulia sana.

"Madam Caroline," sauti ya Muthoka ikatoka, nzito na yenye furaha. "Mko wapi saa hii? Mmepita Malindi?"

"Hatujapita popote. Tuko kabla ya daraja la Mteza. Dereva anasema breki hazishiki."

Muthoka akacheka. "Ah, madam. Usimsikize huyo. Hawa maboi nawajua mimi, akichoka anasingizia breki. Mwambie apige gia ndogo aende mdogomdogo, atafika."

"Muthoka, nina watu wazima humu. Mteremko ni mkali na daraja liko mbele."

"Na mimi nakuambia breki za hilo gari ziko hivyo. Zinataka kuzoewa tu. Akipampu mara mbili tatu zinashika."

"Ziko hivyo tangu lini?"

"Tangu zamani, madam. Hata dereva wa kwanza alikuwa ananiletea hizo stori kila asubuhi, breki, breki. Kama ningemsikiza, hilo gari halingetoka nje ya geti."

Caroline alihisi vidole vya Mwanatumu vikimbana mkono.

"Huyo dereva wa kwanza," akasema, akijikaza, "ni Chirau?"

Upande wa pili mlango ukasikika ukifungwa. Furaha yote ilikuwa imekauka kwenye sauti ile iliporudi.

"Nani amekuambia mambo ya Chirau?"

Wala si Caroline aliyejibu.

"Muthoka," sauti ya kizee ikaita.

Wote watatu waligeuka. Kaindi alikuwa amesimama kwenye pembe ya gari, mikono yote miwili juu ya fimbo. Alikuwa hapo kwa muda gani, hakuna aliyejua.

"Mama?" Muthoka akasema simuni. "Ni wewe? Wewe si uko shambani?"

"Siko shambani. Niko hapa barabarani na wenzangu. Nimepanda gari lako."

Pumzi ya Muthoka ilisikika waziwazi.

"Mama, nisikilize. Umeshuka? Uko chini?"

"Niko chini."

"Usipande tena. Umenisikia? Hata wakikubembeleza, hilo gari usilipande. Kaa hapo kando, mbali na barabara. Nakuja kukuchukua sasa hivi."

"Na hawa wenzangu?" Kaindi akauliza. "Wao wapande?"

Simu ikakatika.

Lori la kontena likapita kwa mwendo wa kasi, upepo wake ukayumbisha gari lililoegeshwa. Kina mama waliokuwa kwenye leso walikuwa wameinuka na kusogea. Walikuwa wamesikia.

Kaindi hakulia. Alisimama akiitazama simu mkononi mwa Caroline, kisha akamtazama Tembo.

"Wewe ndiye nduguye marehemu."

"Ndimi, mama."

"Ulikuwa unipeleke majini."

Tembo alishindwa kumtazama. "Ndiyo."

Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa njia, akaondoka taratibu kwa fimbo yake akizunguka mbele ya gari.

"Umenifanya mwongo," Caroline akamwambia Tembo. "Ingawa nashukuru kwa tuliyoyasikia."

"Hukusema uongo, mwalimu."

"Kivipi?"

"Breki hazipo. Kanyagio lilianza kuzama tangu Ng'ombeni. Nimelisimamisha kwa gia na breki ya mkono. Ningewaambia mkiwa ndani, mngerukiana mlangoni, na wengine wenu ni wa kushikwa mkono."

Caroline hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aligeuka kulitazama daraja.

"Tangu Ng'ombeni," akasema. "Ulijua tangu Ng'ombeni, ukaendelea."

"Niliendelea. Nilisema Mungu mwenyewe amelileta, sina haja hata ya kukata usukani. Nikae tu kimya."

Caroline alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la nguvu zote, na Tembo alilipokea bila kuinua mkono.

"Muthoka alikaa kimya wakafa watu," Caroline akasema. "Na wewe ulikaa kimya. Unataka kulisafisha jina la nduguyo kwa njia ileile?"

"Ndiyo maana nimekupa funguo," Tembo akasema.

Mwanatumu alikuwa bado kwenye changarawe. Ndiye aliyeuliza, bila kumtazama mtu.

"Alizikwa wapi?"

"Nani, mama?"

"Nduguyo."

"Kinango, nyumbani kwa baba. Tulikuwa watu wa familia tu. Watu wengine hawakuja."

"Najua hawakuja," Mwanatumu akasema. "Nilituma watu kuwakataza. Nilisema atakayekwenda kumzika muuaji wa mwanangu, asije kwangu tena." Akakung'uta chai kwenye buibui. "Kila baada ya sala nilikuwa nikimwombea moto. Kila sala, Tembo. Hata leo alfajiri kabla ya kupanda gari."

Tembo alikaa chini mbele yake, kwenye changarawe ileile. Hawakushikana mikono. Walikaa tu, na kina mama wakawazunguka, na hakuna aliyekumbuka kuuliza habari za Lamu.

Muthoka alifika akiendesha gari lake dogo kwa fujo, akalisimamisha nusu barabarani. Alishuka na ndara za nyumbani, shati halikufungwa vifungo vyote.

"Mama yuko wapi?"

Caroline akaangaza macho. Hakumwona Kaindi kwenye leso. Hakumwona kando ya barabara.

"Niko hapa," sauti ikatoka.

Alikuwa amerudi ndani ya basi dogo. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake kilekile cha mbele, mkoba mapajani, mlango umefungwa. Namna gani mwanamke wa mguu ule alipanda peke yake bila kushikwa, Caroline hajui hadi leo.

Muthoka alikwenda dirishani. "Mama, shuka."

"Sishuki. Nimetoka nyumbani kwenda Lamu."

"Mama, tafadhali. Watu wanatuangalia."

"Waache watuangalie."

Muthoka aliwageukia kina mama. Alijaribu kutabasamu, mdomo ukamkatalia. "Kina mama, poleni. Gari ni zima, ni huyu boi wangu tu ameleta shida. Garama, umefutwa kazi. Toka hapa."

"Mimi ni Tembo," dereva akasema, akiinuka na kujikung'uta changarawe. "Kaka yake Chirau."

Muthoka alirudi nyuma hatua moja. Akamwona na Mwanatumu. Bila shaka alimkumbuka, kwa maana macho yake yalikimbia upesi, yakatua chini kwenye lami.

"Muthoka," mama yake akaita. "Umesema gari ni zima?"

"Mama..."

"Umesema breki zinataka kuzoewa. Wewe umezizoea, ni zako. Panda, unipeleke."

Kina mama walisogea karibu. Gari la watu waliokuwa wakipita likapunguza mwendo, vichwa vikachungulia, likaenda. Muthoka alitazama kulia, akatazama kushoto. Nadhani, msomaji, kama wangekuwa wawili tu, yeye na mama yake, angepiga magoti pale. Lakini mbele ya macho yale yote alichagua kuwa mwanaume. Akampokonya Tembo funguo, akazunguka, akapanda, akauacha mlango wazi.

"Nitakuonyesha kwamba halina kitu," akasema.

Akalitoa kwenye gia. Akawasha injini. Akakanyaga breki.

Caroline alikuwa amesimama karibu na mlango ule, na aliuona mguu wa Muthoka ukishuka. Ulishuka na kanyagio hadi chini kabisa, bila kizuizi, kama unaokanyaga tope. Muthoka akapampu. Mara ya kwanza, mara ya pili. Akaendelea kupampu, kila mara haraka zaidi, jasho likianza kumtoka nyuma ya masikio.

"Imeshika?" Kaindi akauliza.

Muthoka akakanyaga tena.

"Nakuuliza wewe. Imeshika?"

"Haishiki, mama."

"Chirau alikuambia hivyo?"

Muthoka aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtoto.

"Alinambia."

"Siku ile ya harusi?"

"Siku ile, na siku zilizotangulia. Nilidhani atafika tu, mama. Siku zote alikuwa akifika."

"Na pombe?"

"Sikumwona na pombe. Ni mimi niliyesema. Watu walikuwa wananiangalia, ikabidi niseme kitu."

Nyuma ya Caroline, Mwanatumu alitoa sauti ambayo haikuwa kilio wala neno. Tembo alikuwa amesimama wima, machozi yakimtiririka, mikono imening'inia ubavuni kana kwamba haimtumikii tena. Alikuwa ameyangoja maneno yale kwa muda mrefu, na sasa yalipotoka hakujua ayafanye nini.

"Asante," Kaindi akamwambia mwanawe. "Sasa twende."

"Twende wapi, mama? Nimekwisha kusema. Shuka."

"Wale wa harusi nani aliwaambia washuke?"

"Mama, siwezi."

"Chirau aliweza kwa sababu ulimtuma. Mimi ni mama yako, nakutuma. Twende."

Kaindi alikuwa ameketi ubavuni mwa dereva tangu Msambweni. Alikuwa amemtazama Tembo kila aliposimama na kila alipoondoka, kwa macho yaleyale aliyokuwa akisomea vibao. Alinyoosha mkono wake wa kizee katikati ya viti viwili, akaishika breki ya mkono, akabonyeza pale Tembo alipokuwa akibonyeza, akaishusha.

Gari likajongea.

Likajongea taratibu mwanzoni, changarawe zikialika chini ya magurudumu. Kisha pua yake ikaingia kwenye lami na mteremko ukalipokea.

"Mama," Muthoka akapiga kelele, akakanyaga, akakanyaga tena. Daraja lilikuwa mbele, na chini ya daraja maji. Caroline alikuwa akikimbia ubavuni, mkono umenyooshwa, anaita jina la Kaindi. Aliuona uso wa Muthoka ukigeuka, kwanza kwa mama yake, kisha kwenye mlango uliokuwa wazi.

Akaruka.

Hakuna aliyemsukuma. Aliruka kwa miguu yake, akabingiria kwenye lami, ndara moja ikabaki katikati ya barabara. Akainuka kwa magoti, mzima, na alipoinua kichwa gari lilikuwa limekwisha kumpita na mama yake akiwa ndani peke yake.

Tembo alikuwa ameanza kukimbia kabla Muthoka hajagusa chini. Alimpita Caroline. Alimpita Muthoka bila kumtazama. Akaudaka mlango uliokuwa ukipigapiga, akaburutwa, kiatu kikimtoka, akajivuta, akaingia.

Kaindi aligeuka kuona ni nani aliyeketi ubavuni mwake.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama. Shika kiti kwa mikono yote miwili."

Upande wa pili wa daraja lori lilikuwa likija, limebeba mawe, likipiga honi mfululizo. Tembo aligandamiza gia, gia ikalia na kukataa. Akaivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Ikashika kidogo, waya ukakatika, ikapanda nyepesi hadi juu kabisa, kama kitu ambacho hakijafungwa popote, na gurudumu la mbele likapanda darajani.